Zamu Tatu kwa Kijana Mmoja

Bernadine Pilarski nilimfahamu kwa sauti miezi kadhaa kabla ya kumwona kwa macho. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, hapa kwetu kando ya Ziwa Erie, wakati kiwanda cha chuma kilikuwa bado kinatoa moshi lakini kila mtu alishajua kwamba siku zake zinahesabika. Mimi, Loretta, nilikuwa nimetoka kampuni ya simu, nilikokaa miaka kumi na mitano nikiunganisha watu na watu, nikapata kazi redioni. Kazi yenyewe ilikuwa ile ile, kupokea simu. Tofauti ni kwamba sasa niliruhusiwa kusikiliza.

Kipindi kilianza saa kumi na moja jioni, siku zote za kazi, na mwenye kipindi aliitwa Vince Scalfaro. Watu walipiga simu kuongea habari za timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mkononi. Mimi nilikaa nyuma ya kioo na kumuuliza kila mpigaji jina na mtaa. Nikisikia amelewa, namwambia akanywe maji apige kesho. Akiwa mzima, namweka kwenye foleni.

Vijana wa leo hawajui jinsi mji ulivyokuwa na umoja wakati ule. Ukipita mtaani saa kumi na moja na nusu, madirisha yakiwa wazi, ulimsikia Vince nyumba hadi nyumba, hukukosa hata neno moja. Mchinjaji alikuwa naye, kinyozi alikuwa naye, masista wa parokia walikuwa naye ingawa walikana. Timu ilikuwa mbovu, mbovu kweli, lakini ilikuwa yetu sote, na kila mmoja alikuwa na dawa yake ya kuiponya.

Mwaka ninaousimulia, dawa iliyokuwa mdomoni mwa watu ilikuwa kijana mmoja wa chuo cha Arizona, Kip Landreth. Alikuwa kwotabeki, yule anayepokea mpira kila shambulio linapoanza na kuamua aurushe wapi. Timu isiyokuwa naye ni kama jahazi lisilo na nahodha, na sisi tulikuwa hatujapata wa maana kwa miaka kumi na minne. Kila Aprili timu zote za ligi huchagua vijana wanaotoka vyuoni, kwa zamu, na iliyofanya vibaya kuliko zote huchagua kwanza. Sisi zamu yetu ilikuwa ya tisa. Landreth hangefika ya tisa, hilo hata mtoto alilijua. Kumpata kulikuwa na njia moja tu: kuruka foleni. Tuwape waliokuwa na zamu ya pili zamu yetu ya tisa, na nyingine ya baadaye siku hiyo hiyo, na zamu yetu ya kwanza ya mwaka ujao pia. Zamu tatu kwa kijana mmoja.

Mji ukagawanyika katikati kama mkate.

Jioni moja ya Machi, theluji ikiwa bado iko kando ya barabara, nikapokea simu.

"Bernadine, Kaisertown. Niweke haraka mwanangu, viazi viko motoni."

Nikamweka.

"Karibu Bi Bernadine," Vince akasema. "Turuke foleni, tusiruke?"

"Msiruke. Nauliza kitu kimoja tu. Huyo mtoto akija, nani atamlinda? Msimu uliopita yule maskini tuliyekuwa naye aliangushwa mara hamsini na tatu. Nilihesabu mwenyewe, nilikuwa nachora mistari kwenye kalenda ya kanisa."

"Lakini mama, kijana ana mkono! Anarusha mpira kama—"

"Mkono anao, sikatai. Sikiliza, Vince. Mimi napikia watoto mia nne kila siku ya shule. Ukiniletea nyama nzuri ya ng'ombe halafu ukachukua sufuria zangu tatu, hao watoto watakula nini? Watakula nyama mbichi. Subiri, treni hiyo."

Treni ya mizigo ikapita, ndefu, ikanguruma ndani ya simu karibu nusu dakika. Vince akacheka. Ilipokwisha, Bernadine akasema, "Nimemaliza. Viazi vinaungua," akakata.

Simu ikalia papo hapo. Mwanamume, sauti ya chini, kama mtu anayeongea akiwa amejificha.

"Naitwa Chester. Wa... hapa hapa mjini."

"Mtaa gani, mzee?"

"Hapa hapa tu."

Nikamweka. Akasema, "Huyo mama aliyetoka sasa hivi anaongea vizuri, na sauti yake nzuri. Lakini amekosea. Miaka kumi na minne tunajenga ukuta wa walinzi, Vince. Ukuta unasimama, unabomoka, tunajenga mwingine. Na nyuma ya ukuta hakuna mtu! Unalinda nini? Mimi nina miaka sitini na mbili, siwezi kungoja ukuta mwingine. Mleteni huyo kijana, hata kwa zamu kumi."

Na nyuma ya maneno yake nikasikia mabehewa ya mwisho ya treni yakiishia kwa mbali.

Ikawa hivyo wiki nzima. Bernadine akimaliza, Chester anaingia. Mimi nilikuwa mtu wa simu. Sauti za nyuma ndizo zilizonilisha miaka kumi na mitano. Ijumaa nikamshika kabla sijamuunganisha.

"Mzee Chester, naomba nikuulize. Hiyo treni inayopita kwenu mbona ndiyo hiyo hiyo inayopita kwa Bi Bernadine?"

Nikasikia mlango ukifungwa taratibu.

"Wewe ni polisi?"

"Hapana, nilikuwa kampuni ya simu."

"Basi mbaya zaidi." Akashusha pumzi. "Ni mke wangu. Yeye yuko juu jikoni, mimi niko chini kwenye mashine ya kufulia, kuna simu ya pili huku. Usimwambie."

"Kwa nini msiongee huko huko nyumbani?"

Akanieleza, huku Vince akinipungia mkono kwa hasira ng'ambo ya kioo kwamba anangoja mtu. Miaka kumi na mitatu nyuma walikuwa wamegombana mezani juu ya kwotabeki mwingine, wakapaziana sauti mpaka Chester akapiga meza na supu ya shayiri ikamwagikia mama mkwe wake. Bibi huyo, mtu wa Krakow kule Polandi, aliyezika waume wawili, akainuka na upawa mkononi akatangaza kwamba ndani ya nyumba ile mpira hautazungumzwa tena mezani mpaka siku atakapokufa.

"Sasa bado yuko hai?"

"Tulimzika zamani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Hakuna aliyeifuta sheria."

"Na Bi Bernadine hajui kwamba ni wewe unayempinga?"

"Atajuaje? Yeye yuko jikoni anasikiliza redio."

"Mzee," nikasema, "na wewe unaongea wapi?"

"Natumia jina la Chester tu," akasema hatimaye. "Kina Chester wako wengi mji huu."

Siku ya uteuzi iliangukia Jumanne. Vince alipeleka mitambo kwenye ukumbi wa parokia ili watu wangojee pamoja. Saa mbili asubuhi ukumbi ulikuwa umefurika. Kulikuwa na kahawa kwenye yale madebe makubwa ya umeme, na maandazi ya Kipolandi yenye jemu ndani, na moshi wa sigara mzito kiasi cha kuukata kwa kisu. Bernadine aliomba ruhusa shuleni, mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Nilimtambua aliposema "samahani" mlangoni. Mwanamke mfupi, mikono minene ya mtu aliyebeba masufuria maisha yake yote, koti la kijani lililofungwa mpaka shingoni. Nyuma yake mwanamume mrefu aliyeinama, anakohoa ndani ya leso. Waliteremka kwenye gari moja, wakaingia kwa mlango mmoja, halafu kila mmoja akaenda meza yake.

Vince hakuwa mtu wa kuacha bahati impite. Mimi nilikuwa nimemwambia siri ile, na bado najilaumu kidogo, kidogo tu. Akachukua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, leo tunaye Bi Bernadine wa Kaisertown!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walikuwa wakimpenda bila kumjua sura.

"Na tunaye pia Mzee Chester wa hapa hapa tu!"

Wakalipuka tena. Chester akajikunja kwenye kiti kama mtu anayetafuta mlango wa chini ya sakafu. Bernadine akageuka, akamtazama mumewe, hata hakushangaa.

"Simama Chet," akasema. "Wiki sita nakusikia ukinitukana kutoka kwenye chumba cha kufulia. Njoo useme hapa nikikuona."

"Sijakutukana hata siku moja. Nilisema una sauti nzuri."

"Halafu ukasema nimekosea."

"Umekosea!"

Ukumbi mzima ukapiga meza. Wakasimama pale mbele, mmoja kila upande wa kipaza sauti, wakabishana robo saa. Watu wazima walikuwa wanalia kwa kucheka. Bernadine akahesabu kwa vidole wachezaji watano wa mbele tuliokuwa nao na ubovu wa kila mmoja, huyu goti, huyu mzee, huyu mvivu. Chester akajibu kwamba ukimpa kijana kama yule mpira, hata mvivu atatia bidii. Mtu mmoja kutoka nyuma akapaza sauti, "Mama, mwache baba aote ndoto!" Bernadine akamgeukia: "Ndoto aote. Lakini zamu anazotoa si zake peke yake, ni zangu pia!"

Hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa kutoka New York ulikofanyika uteuzi, mtu wetu aliyekuwa huko. Nikasikiliza, nikaandika kwenye karatasi, nikampelekea Vince mbio kana kwamba mimi ndiye niliyechaguliwa.

Vince akasoma. "Tumeruka foleni. Zamu tatu. Kip Landreth ni wetu."

Sijapata kusikia kelele kama ile ndani ya nyumba ya Mungu wala nje yake. Viti vilianguka. Padre alimkumbatia mtu ambaye hakuwa Mkatoliki. Chester hakupiga kelele. Alivua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili, machozi yakamshuka tu. Bernadine akamtazama. Akatoa leso yake mfukoni, akamfuta sukari ya andazi kidevuni.

"Haya," akasema. "Umempata."

Kuanzia jioni ile sheria ya bibi wa Krakow ikafutwa. Bernadine aliniambia baadaye kwamba walibishana mezani mpaka supu ikaganda, wakaipasha moto, wakabishana mpaka ikaganda tena. Wakaacha kupiga simu kila siku, wakawa wanapiga pamoja mara moja kwa wiki, Chester kwa simu ya chini, Bernadine kwa ya juu, na Vince hakulazimika kusema lolote.

Ningependa kuwaambia kwamba kijana alitupeleka kwenye ubingwa. Hakutupeleka. Mkono alikuwa nao, kweli. Kuna mpira mmoja alirusha Oktoba ile, kwenye upepo wa ziwani, nikaona wanaume wakisimama bila kujua kwamba wamesimama. Lakini nyuma ya ukuta uliovuja alipigwa kama ngoma. Tulimaliza msimu tukiwa karibu na mkia, na ile zamu ya mwaka ujao tuliyoitoa ikageuka kuwa ya tatu katika ligi nzima. Wale waliokuwa nayo wakamchukua mlinzi wa mbele kutoka Nebraska, mtu mkubwa kama ghala, akawachezea huko kwao kusini miaka kumi na miwili bila kuumwa hata kidole.

Msimu wa pili bega la Landreth likateguka, akarudi mapema mno, na watu wakaanza kumzomea. Sisi wenyewe, watu wema, tuliokumbatiana na padre. Kwenye simu walikuwa wananiambia mambo niliyokataa kuyapeleka hewani. Mmoja alitaka arudishwe Arizona kwenye kontena la samaki.

Bernadine na Chester walikuwa wamenyamaza miezi miwili. Nilijua sababu. Mapafu ya Chester yalikuwa yamekula vumbi la kiwanda miaka thelathini na moja, na sasa yalidai haki yao. Alikuwa amewekewa kitanda sebuleni, karibu na dirisha, aone barabara.

Jioni moja ya Novemba, baada ya wapigaji saba mfululizo wote wakimchana kijana, simu ikalia.

"Niweke, Loretta."

Vince alifurahi kama aliyeona mvua. Alijua sasa yule mama aliyesema tangu mwanzo atakuja kutusimanga wote, na ana haki.

"Bi Bernadine! Wewe ulituonya. Hebu tuambie."

"Niliwaonya, na sijabadili neno. Zamu tatu zilikuwa nyingi. Lakini nyinyi mnaozomea, nataka kuwauliza, mmelelewa na nani? Mgeni akishavua koti na kukaa mezani, haulizwi tena nani alimwalika. Anapakuliwa. Huyu mtoto hakujiuza mwenyewe. Sisi ndio tuliomtaka, tulipiga meza, tulilia, mimi nilikuwepo ukumbini. Sasa ana bega bovu na watu elfu sabini wanamzomea wakati mama yake anatazama kwenye televisheni. Aibu!"

Nyuma nikasikia kikohozi, halafu sauti nyembamba: "Mwambie ana miaka ishirini na tatu tu."

"Anasema ana miaka ishirini na tatu tu," Bernadine akasema. "Nimeshawaambia, Chet. Lala."

"Mwambie ule mpira wa Oktoba."

"Na ule mpira wa Oktoba. Anasema muukumbuke."

Vince akaweka tangazo la mafuta ya kupasha nyumba, akavua vifaa vya masikio, akakaa.

Watu hawakuacha kuzomea kwa siku moja, wangeacha vipi, mpira ni mpira. Lakini wiki iliyofuata kuna waliopiga simu kusema wana aibu, na mchinjaji wa mtaa wetu alipeleka soseji kwa kina Pilarski, na mtu ambaye hakujitaja alikuja kuwaondolea theluji mlangoni kila asubuhi mpaka Februari. Kip Landreth mwenyewe nadhani hakujua lolote. Aliachwa mwaka wa tatu, akacheza kidogo Kanada, halafu sikumsikia tena.

Chester alifariki mwezi ule wa Februari, Jumapili asubuhi, Bernadine akiwa anamsomea gazeti. Baada ya mazishi tulikula kwenye ukumbi ule ule. Bwana mmoja mwenye nia njema akamwinamia Bernadine, akamwambia, "Pole sana mama. Na kuhusu yule kijana, wewe ndiye uliyekuwa sahihi siku zote."

Bernadine akaweka uma chini.

"Sahihi," akasema. "Bwana, mimi nimekuwa sahihi karibu maisha yangu yote. Lakini sijawahi kufurahi hata siku moja kama alivyofurahi Chet asubuhi ile. Kula viazi vyako, vinapoa."

Hakupiga simu tena. Nilipomuuliza alisema hana wa kubishana naye. Baada ya miaka michache kituo kikauzwa, wenye kituo wapya wakaweka muziki mchana kutwa, Vince akahamia kwa binti yake Florida. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa. Ukipita mtaani saa kumi na moja na nusu ulisikia televisheni tofauti katika kila nyumba.

Lakini Bernadine na mimi hatukuachana. Alistaafu shuleni, watoto mia nne wakamwimbia, akarudi nyumbani na upawa mmoja mkubwa wa jikoni ambao alisema ni mali yake kwa haki ya jasho. Kila mwaka siku ya uteuzi nilikwenda kwake, tukasikiliza pamoja jikoni. Alinipikia kabichi iliyojazwa nyama, akanisema nilivyokonda, akaniuliza kila mara kama nimepata mume mwingine. "Usipate mnyamavu," aliniambia. "Mnyamavu atakumaliza."

Mara ya mwisho alikuwa na miaka themanini na moja. Timu ilikuwa na zamu ya kumi na nne, na kama kawaida kulikuwa na kelele kwamba turuke foleni kumfuata kwotabeki fulani. Nilimuuliza anaonaje. Alijibu kwamba inategemea kijana mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema. Kisha usingizi ukamchukua kwenye kiti, jua la mchana likiwa magotini pake. Nikapunguza sauti ya redio, nikaosha vyombo polepole nisimwamshe.

Zamu yetu ilifika, hatukuruka popote. Treni ilipita, ndiyo iliyomwamsha.

"Tumemchukua nani?"

"Mlinzi wa mbele. Kutoka Hawaii, jitu kubwa. Keawe Kahananui."

"Nani?"

"Kahananui."

"Sema tena, polepole."

Nikasema tena. Akarudia, akakosea, akarudia. Akaniomba nimwandikie nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa, akavaa miwani, akaweka kidole chini ya kila silabi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ka-ha-na-nui," akasema. "Lazima jina tuliseme vizuri. Kijana hamjui mtu yeyote hapa."

Nilipokuwa navaa koti mlangoni nilimsikia bado yuko jikoni, peke yake, analifanyia mazoezi.